Majina yaliyobeba safari: kutoka Gershomu hadi Zerubabeli

SIKU ya pili ya mwaka wa shule, mwezi Septemba, mama mmoja alinisubiri nje ya darasa akiwa amemshika mkono mwanawe wa kiume. Namfahamu kwa sura, kwani siku za soko huvuka pale Mugina kwenda Manyovu. Akienda hupeleka mawese, akirudi huleta dagaa na vitenge. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "kabla hujaandika majina kwenye kitabu kikubwa, naomba huyu umwandike jina jingine."

Jina la mtoto ni Zerubabeli. Alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 2016, na aliyempa jina hilo ni babu yake, mzee wa kanisa. Kule kambini hakuna aliyelicheka. Huku kwetu Makamba watoto wenzake wamelikata, wanamwita Babeli, na siku ya ugomvi wanamwita impunzi, yaani mkimbizi. Mama alitaka jina fupi, la kawaida, lisiloleta maswali. "Jina hili linamtangaza," alisema. "Kila anayelisikia anauliza mtoto katoka wapi."

Ningeweza kumkubalia palepale, maana kalamu ilikuwa mkononi. Badala yake nilimwomba anipe siku tatu, kwa sababu mbili. Kwanza, mimi mwenyewe nimewahi kuteseka kwa kuwa na jina moja kwenye karatasi hii na jina jingine kwenye karatasi ile. Pili, katika majina yote ya Maandiko, sidhani kama lipo linalotuhusu sisi tuliorudi kuliko hilo la Zerubabeli. Makala haya ni yale niliyomweleza mama yule, nikiyapanua kidogo kwa faida ya wasomaji.

Jina ni sentensi

Mrundi hahitaji kufundishwa kwa muda mrefu kwamba jina ni maneno yenye maana. Hakizimana ni "Mungu ndiye aokoaye". Bizimana ni "Mungu ndiye ayajuaye". Habonimana ni "Mungu ndiye aonaye". Nshimirimana ni "namshukuru Mungu". Mzazi anapompa mtoto jina la namna hiyo, huwa anatamka jambo lililompata mwaka ule, na mtoto analibeba maisha yake yote.

Waebrania wa kale walifanya vivyo hivyo. Majina yao mengi ni sentensi nzima, na ndani yake limo jina la Mungu. Lile "eli" unalolisikia mwishoni mwa Danieli, Ezekieli na Gabrieli ni neno "El", yaani Mungu. Danieli ni "Mungu ni mwamuzi wangu". Ezekieli ni "Mungu hutia nguvu". Na ile "ya" au "ia" ya Isaya, Nehemia, Zekaria na Obadia ni kifupi cha lile jina takatifu ambalo Biblia za Kiswahili huliandika BWANA. Nehemia ni "Bwana amefariji". Zekaria ni "Bwana amekumbuka". Kifupi hicho kikitangulia mbele huwa "Yo", kama katika Yonathani, "Bwana ametoa". Ndiyo maana Yoeli na Elia ni ndugu wa karibu: Yoeli ni "Bwana ni Mungu", na Elia ni maneno hayohayo yaliyogeuzwa, "Mungu wangu ni Bwana".

Sasa chukua Yoshua na Isaya. Yote mawili yametoka katika shina moja lenye maana ya kuokoa, na jina Yesu limetokana na Yoshua. Kwa hiyo mtoto anayeitwa Isaya Hakizimana ameitwa jambo moja mara mbili, kwanza kwa Kiebrania, kisha kwa Kirundi.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika biashara ya mpakani, wasidhani haya ni ya Wakristo peke yao. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na Kiswahili kimekopa sana kutoka Kiarabu. Obadia wa Kiebrania ni "mtumishi wa Bwana", kama vile Abdallah wa Kiarabu ni "mtumishi wa Mungu". Shina ni lilelile, na ndilo lililotupa maneno abudu na ibada. Ishmaeli, au Ismaili, ni "Mungu husikia". Sulemani na Absalomu wanatoka katika shina moja na salama, salamu na Salimu. Kumbe sokoni tunapoulizana "salama?" tunagusa jina la mfalme bila kujua.

Mgeni kule

Jina langu ni Gershomu. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, nami nikazaliwa mwaka 1981 katika makazi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Baba alikuwa katekista. Nilipozaliwa alifungua kitabu cha Kutoka, akasoma habari za Musa alipokuwa amemkimbia Farao na kupata hifadhi Midiani. Huko Musa alimwoa Sipora, na mtoto wao wa kwanza akamwita Gershomu. Maandiko yanaeleza jina hilo kwamba baba yake alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Kiebrania "ger" ni mgeni anayekaa kwa watu, na "sham" ni huko au kule. Mgeni kule.

Wataalamu wa lugha wanaongeza jambo ambalo baba hakulijua. Wengi wao wanaona kwamba kwa asili jina hili linatokana na kitenzi "garash", maana yake kufukuza. Kitenzi hicho kinatokea katika sura hiyohiyo, mistari michache kabla, pale wachungaji walipowafukuza mabinti kisimani na Musa akawatetea. Basi ukitaka, jina langu lina mgeni ndani yake, na lina mfukuzwa pia.

Hapa ni vizuri kueleza kanuni moja. Mara nyingi Maandiko yanapotoa maana ya jina hayafanyi kazi ya kamusi. Yanasikiliza jina linafanana na neno gani, kisha yanasimulia. Hata jina la Musa lenyewe liko hivyo. Kitabu cha Kutoka kinalihusisha na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kutoa majini, lakini aliyempa mtoto jina alikuwa binti Farao, na wataalamu wengi wanaona ni neno la Kimisri lenye maana ya mtoto au aliyezaliwa, lilelile tunalolikuta katika majina ya wafalme wa Misri kama Thutmose. Maana yake ni kwamba kiongozi aliyewatoa watu utumwani alikuwa na jina la nchi ya utumwa, na hakulibadili.

Mwana wa pili wa Musa aliitwa Eliezeri, "Mungu wangu ni msaada", kwa kuwa baba yake aliokolewa na upanga wa Farao. Mdogo wangu naye anaitwa Eliezeri. Baba alituweka sisi wawili kama kurasa mbili za kitabu kimoja: ugenini, halafu kuokoka.

Nilipokuwa kijana jina hili lilinikera. Niliona baba amenibandika ukimbizi usoni. Siku moja nilimwambia hivyo. Hakukasirika. Alinionyesha katika kitabu cha Mambo ya Nyakati kwamba Shebueli, wa uzao wa Gershomu, aliwekwa kuwa msimamizi wa hazina. "Unaona?" akasema. "Uzao wa mgeni ndio walioshika funguo."

Wakubwa wanapokubadilisha jina

Si kila jina la ugenini lilitolewa na mzazi. Mengine yalitolewa na serikali. Yusufu alipopandishwa cheo Misri, Farao alimpa jina la Kimisri, Safenath-panea. Danieli na wenzake watatu walipopelekwa Babeli, mkuu wa matowashi aliwabadilisha wote. Tazama majina waliyokuja nayo: Danieli, kisha Hanania, "Bwana amekuwa na neema", Mishaeli, "nani aliye kama Mungu", na Azaria, "Bwana amesaidia". Kila jina lina Mungu wao ndani yake. Wakaitwa Belteshaza, Shadraka, Meshaki na Abednego, na "El" na "Ya" zikafutika zote. Abednego hufasiriwa kuwa ni mtumishi wa Nebo, mmoja wa miungu ya Babeli.

Lakini Yusufu, ambaye kwenye kumbukumbu za ikulu alikuwa Safenath-panea, aliwapa watoto wake wawili, waliozaliwa hukohuko Misri, majina ya Kiebrania. Manase linahusishwa na kusahau, kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake. Efraimu linahusishwa na kuzaa matunda katika nchi ya mateso. Ofisini alikubali jina la wenyeji, nyumbani akatunza lugha ya baba yake. Wangapi kati yetu hawakuishi hivyo Ulyankulu, Katumba na Mishamo?

Na haya si hadithi za vitabuni tu. Mwaka 2014 wataalamu Laurie Pearce na Cornelia Wunsch walichapisha vibao takriban 100 vya udongo kutoka Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki. Vingine viliandikwa katika kijiji cha wahamishwa kilichoitwa Mji wa Yuda, na cha zamani zaidi ni cha mwaka 572 kabla ya Kristo. Ni karatasi za kawaida kabisa: madeni, kodi, mashamba, mavuno ya tende na shayiri. Ndani yake yamo majina ya Kiyahudi yaliyoandikwa kwa maandishi ya Kibabeli. Yuko mtu mmoja ambaye katika kibao kimoja anaitwa Bel-shar-usur, yaani "Beli, mlinde mfalme", na katika kingine anaitwa Yahu-shar-usur, "Yahu, mlinde mfalme". Mtu ni yuleyule, lakini jina la Mungu limebadilishwa. Sababu haikuandikwa. Mimi niliposoma habari zake nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa maana na mimi nimekuwa watu wawili.

Watu wawili, mshahara hakuna

Tulirudi mwaka 2009, wakati ambapo zaidi ya watu 50,000 kati ya wakimbizi wa 1972 walichagua kurejea Burundi, na wengi zaidi wakachagua uraia wa Tanzania. Nilikuja na cheti cha ualimu. Sasa, Tanzania mtu huandikwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Kwetu Burundi hakuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi na jina la ubatizo, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane jina hata moja. Jina langu la Kirundi, Ndihokubwayo, "niko hai kwa ajili yake", lilikuwa limebaki nyumbani tangu siku nilipoanza darasa la kwanza. Cheti changu kilikuwa na Gershomu, jina la baba na jina la babu.

Nilipokwenda kuchukua karangamuntu, karani aliuliza jina langu la Kirundi. Nikamwambia, akaandika, nikafurahi. Nilipopeleka cheti kuomba kazi, nikaambiwa mwenye karangamuntu na mwenye cheti ni watu wawili tofauti. Miezi 14 nilifyatua matofali na kubeba magunia mpakani, huku nikiwa na cheti kwenye mfuko wa nailoni. Ilibidi baba na wazee wawili watoe ushahidi ndipo nikapata hati yenye mihuri inayosema kwamba hawa wawili ni mtu mmoja.

Kwa hiyo nilipofungua sura ya pili ya kitabu cha Ezra sikuisoma kama zamani. Wahubiri wengi huiruka, kwa kuwa ni orodha tupu ya majina. Mfalme Koreshi wa Uajemi alikuwa ameiteka Babeli, na mnamo mwaka 538 kabla ya Kristo akaruhusu wahamishwa warudi kwao. Orodha inahesabu kila kitu, kama tulivyohesabiwa sisi na mizigo yetu siku ya kupanda malori: watu 42,360, farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435 na punda 6,720. Kisha inafika mahali panapouma. Watu 652 hawakuweza kuonyesha ukoo wa baba zao. Baadhi ya makuhani nao walitafuta majina yao katika kitabu cha nasaba, hayakuonekana, wakaondolewa katika kazi ya ukuhani. Miongoni mwao walikuwamo wazao wa mtu aliyekuwa amechukua jina la ukweni.

Baba alipofika kilimani kwao, wazee walimuuliza swali hilohilo kwa Kirundi: "Uri mwene nde?" Wewe ni mwana wa nani? "Mwene" ya Kirundi ndiyo "ben" ya Kiebrania, mwana wa fulani. Alitaja jina la babu, la baba wa babu, na la mto uliopakana na shamba. Mzee mmoja akalia. Shamba tulipata nusu, kwa kugawana na waliolikuta tupu na kulilima. Wengine waliotaja majina hawakupata hata kipande.

Mbegu ya Babeli

Na ni nani aliyekuwa mbele ya wale 42,360? Jina la kwanza katika orodha ya viongozi ni Zerubabeli. Limetokana na maneno ya Kibabeli yenye maana ya mbegu ya Babeli, au mzao wa Babeli. Tafakari hapo. Mjukuu wa wafalme wa Yuda, anaongoza watu kurudi Yerusalemu, na jina lake linatangaza kila anapopita kwamba huyu ni wa kule. Baba yake alikuwa Shealtieli, "nimemwomba Mungu", jina safi la nyumbani. Mtoto akapewa jina la nchi ya uhamisho.

Hata hivyo Maandiko hayasemi kwamba mtu yeyote alimtaka alibadilishe. Nabii Hagai anamwita kwa jina hilohilo na kumfananisha na pete ya muhuri ya Mungu. Nabii Zekaria anasema mikono yake iliyoweka msingi wa hekalu ndiyo itakayoimaliza. Karne kadhaa baadaye Mathayo na Luka, kila mmoja kwa njia yake, wanapoandika nasaba ya Yesu, wote wanalitaja jina hilo bila kulificha. Mbegu ya Babeli imo katika orodha, na orodha haikuharibika.

Majirani ndio waliompa jina

Nilimpa mama yule mfano mmoja wa mwisho, kwa sababu ni wa mwanamke. Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate, lakini njaa iliingia humo, na Naomi akakimbilia Moabu pamoja na mumewe Elimeleki, "Mungu wangu ni mfalme", na wana wao Mahloni na Kilioni. Majina ya vijana hao huhusishwa na ugonjwa na kukoma. Kwa sikio la Kiswahili, Kilioni linajieleza lenyewe, ingawa ni bahati tu ya lugha kufanana. Wanaume wote watatu walikufa ugenini.

Naomi aliporudi, mji mzima ulishangaa, wanawake wakaulizana kama kweli ni yeye. Naomi ni jina la utamu na upendezi. Akawaambia wasimwite hivyo tena, wamwite Mara, yaani uchungu. Huyo ndiye mrudi anayetaka kubadilisha jina mlangoni. Lakini soma mpaka mwisho: hakuna hata mmoja anayemwita Mara. Kitabu kinaendelea kumwita Naomi. Na mkwewe Ruthu, mwanamke wa Moabu, alipozaa mtoto, waliompa jina ni wanawake majirani. Wakamwita Obedi, "mtumishi", na huyo ndiye babu yake Daudi. Kwa maoni yangu siku hiyo ndipo Naomi alipofika nyumbani kweli, wala si siku alipovuka mpaka.

Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuniingilia. Kisha akauliza swali la mfanyabiashara: "Na nikilibadilisha hapa shuleni tu, itakuwaje?" Nikamjibu kwa ukweli: kadi ya kliniki ya kambini ina Zerubabeli, karatasi ya kurudi ina Zerubabeli, cheti cha kuzaliwa kina Zerubabeli. Ukibadilisha kitabu cha shule peke yake, siku ya mtihani wa taifa utakuwa na watoto wawili na mwanao ni mmoja. Ukitaka kubadilisha, ni haki yako, lakini anza na cheti cha kuzaliwa, na karatasi zote zifuate. Na usikubali karani aandike kwa kusikia tu. Mwandikie herufi moja moja mwenyewe.

Alikaa kimya kidogo, akamtazama mtoto. "Mwandike," akasema. "Babu yake hakuwa mjinga."

Sitawadanganya kwamba utani umekwisha. Watoto bado wanamwita Babeli. Lakini wiki ile niliwapa darasa zima kazi ya nyumbani: kila mmoja aulize nani alimpa jina na kwa nini. Wengi walirudi na majibu mafupi. Wengine walirudi na habari ambazo wazazi wao hawakuwahi kuwasimulia, za mwaka wa njaa, za usiku wa kukimbia, za mtoto aliyezaliwa njiani. Zerubabeli alisimama akasema jina lake ni la fundi aliyejenga upya nyumba iliyobomolewa. Mambo ya mbegu na uhamisho hakuyataja. Sikumsahihisha.

Ndugu msomaji, jioni ya leo kabla hujalala, muulize mzee wako swali hilo, kama yungali hai. Baba yangu alifariki mwaka 2014, na hadi leo najiuliza kwa nini sikumwuliza mapema kuhusu lile jina jingine, Ndihokubwayo. Niko hai kwa ajili yake. Siku aliponipa jina hilo, ni nani mwingine aliyekuwa hayupo?